Njano, mng'ao au chakula chenyewe: uchague sabstreti ipi ya kupimia kimeng'enya

"Mwalimu, kimeng'enya changu kimekufa."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanafunzi wa uzamili, ameshika kishikizo chenye mirija kumi na miwili, yote myeupe kama maji ya mfereji. Alikuwa amekuza kuvu kwenye makapi ya miwa kwa siku saba, akachuja, akatia sabstreti, yaani kile kitu ambacho kimeng'enya hukikata, akasubiri nusu saa kwa nyuzi 50, na hakuona hata dalili ya njano. Alikuwa njiani kwenda kwenye sinki. Nikamwomba mrija mmoja, nikautia sodiamu kaboneti. Ukageuka njano ya kiini cha yai mbele ya macho yetu. Kimeng'enya kilikuwa kimefanya kazi muda wote ule. Rangi ndiyo iliyokuwa imejificha, kwa sababu bafa yake, kile kimiminika kinachoshikilia pH, ilikuwa ya pH 5.

Kila muhula huja mtu na swali la jamii hiyo hiyo: ninunue sabstreti gani? Kwetu Nairobi si swali dogo. Chupa ya miligramu chache huagizwa ng'ambo, hukaa njiani, hukaa tena forodhani uwanja wa ndege, na ukiwa umekosea kuchagua, pesa za utafiti zimekwisha kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana nataka kuziweka njia tatu ubavu kwa ubavu, nikitumia sampuli ambazo sisi wenyewe huzileta mezani: majani ya dawa, udongo mwekundu, maziwa, maganda ya mananasi.

Kimeng'enya hakionekani kikiwa kazini. Kinakata kifungo kati ya molekuli mbili, na mara nyingi vipande vinavyobaki havina rangi yoyote. Wanakemia wakabuni ujanja: wanaunga rangi kwenye kipande ambacho kimeng'enya hupenda kukikata. Ikiwa bado imeungwa, rangi hiyo haionekani. Kifungo kikikatwa, inaachiliwa, nasi tunaipima. Hiyo ndiyo sabstreti ya kutengenezwa. Kasi ya rangi kuongezeka ndiyo kasi ya kimeng'enya, mradi sabstreti iwe nyingi ya kutosha na usiache zaidi ya sehemu moja kati ya kumi ikaliwa kabla hujasoma.

Mshindani wa kwanza ni paranitrofenoli, ile njano. Huungwa kwenye glukosi kupima glukosidasi, kwenye fosfeti kupima fosfatasi, kwenye asidi za mafuta kupima lipasi na esterasi. Husomwa kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa, kwenye nanomita 405. Wa pili ni methilumbeliferoni: huchokozwa kwa mwanga wa nanomita 360 hivi, nayo hujibu kwa mng'ao wa buluu karibu na nanomita 450. Huyu anadai fluoromita, mashine inayopima mng'ao. Wa tatu si rangi iliyoungwa hata kidogo. Ni chakula halisi cha kimeng'enya, yaani wanga, selulosi, kaseini, mafuta, na baadaye unapima kilichotoka kwa njia nyingine.

Kuhusu pH, wote wawili hujificha

Paranitrofenoli huwa na rangi pale tu inapopoteza hidrojeni yake. Kwenye pH 7.15 hivi, nusu ya molekuli ni za njano na nusu hazina rangi. Kwenye pH 5 ya yule mwanafunzi, zilizo njano hazifiki hata moja kwa mia. Kwenye pH 10, karibu zote. Kwa hiyo kimeng'enya cha kuvu kinachopenda tindikali hupimwa kwa kusimamisha mmenyuko: muda ukifika unatia sodiamu kaboneti au sodiamu haidroksaidi, kimeng'enya kinazimwa na rangi inatokeza kwa pamoja. Kwenye pH 7 hali ni ya hatari zaidi, maana rangi inaonekana, mtu anafurahi, anasoma moja kwa moja bila kaboneti, kumbe anaona kama asilimia 40 tu ya kilichotoka. Tena kiasi hicho hubadilika bafa ikiyumba kidogo. Nimeona matokeo mazuri ya miezi kadhaa yakikosa maana kwa jambo hili moja.

Methilumbeliferoni haina nafuu hapa. Nusu yake huwa kwenye pH 7.8, na kwenye tindikali mng'ao wake wa buluu hufifia sana. Nayo pia hutiliwa bafa ya glisini yenye pH ya 10.5 hivi kabla ya kusomwa. Mtu akikuambia mng'ao huondoa taabu ya kusimamisha mmenyuko, mwulize anafanyia kazi kwenye pH gani.

Kuna njia ya kati ambayo watu wengi hawaijui: 2-kloro-4-nitrofenoli. Klorini ile moja iliyoongezwa huifanya ipoteze hidrojeni mapema, karibu na pH 5.5, hivyo kwenye pH 6 au 7 unaweza kuiona njano ikipanda dakika kwa dakika bila kugusa mrija. Vipimo vya amilasi hospitalini huitumia, ikiwa imeungwa kwenye mnyororo wa glukosi tatu. Kama unataka kasi halisi ya mwanzo, si nukta moja ya mwisho, itafute hii.

Wanaofanya kazi na bakteria wa Ziwa Magadi au Bogoria wana bahati yao. Vimeng'enya vingi vya viumbe hao hustawi kwenye pH ya 9 na 10, na hapo paranitrofenoli ni njano kamili tangu sekunde ya kwanza. Weka kyuveti (kile kijichupa cha kusomea), funga kifuniko, tazama mstari ukipanda. Lakini bahati hiyo ina mpaka. Paranitrofenili asetati, ambayo wengi huikimbilia kupima esterasi, huvunjika yenyewe kwenye alkali bila kimeng'enya chochote. Ukiitumia kwenye pH 10, blanki yako, yaani mrija wa kulinganishia usio na kimeng'enya, itapanda karibu sawa na sampuli. Kwa esterasi za Magadi chagua mnyororo mrefu zaidi wa asidi ya mafuta, na hata hivyo weka blanki isiyo na kimeng'enya katika kila awamu.

Wepesi wa kuhisi, na mashine uliyo nayo

Hapa mng'ao hushinda waziwazi. Spektrofotomita ya kawaida huanza kukosa uhakika paranitrofenoli inaposhuka chini ya nusu mikromoli kwa lita. Fluoromita huona methilumbeliferoni ya makumi ya nanomoli, na mashine nzuri huona hata chini ya hapo. Ni tofauti ya mara kumi hadi mara mia na zaidi. Kwa seli chache, kwa tone la damu lililokauka kwenye karatasi, kwa mbu mmoja aliyesagwa, tofauti hiyo ndiyo huamua kama una matokeo au huna.

Lakini njano ina sifa ambayo naithamini kuliko wepesi wa kuhisi: inahesabika. Paranitrofenoli kwenye alkali ina mgawo wa ufyonzaji wa 18,000 hivi kwa kila moli kwa lita kwa sentimita, na namba hiyo haitegemei mashine yangu wala yako. Chukua mfano. Umeweka mililita 1 ya mchanganyiko wenye mililita 0.1 ya kimeng'enya, baada ya dakika 20 ukatia mililita 1 ya kaboneti, ukasoma ufyonzaji wa 0.36 baada ya kutoa blanki. Gawanya 0.36 kwa 18,000, unapata mikromoli 20 kwa lita. Zidisha kwa mililita 2, ni nanomoli 40. Kwa dakika 20, ni nanomoli 2 kwa dakika. Zimetoka kwenye mililita 0.1, basi kila mililita ya kimeng'enya hutoa nanomoli 20 kwa dakika, yaani uniti 0.02 (uniti moja ni mikromoli moja kwa dakika). Mtu wa Kisumu au wa Uppsala akifanya vivyo hivyo, namba zenu zinazungumza. (Ukitumia pleti ya visima 96, kumbuka kuwa mikrolita 200 hazina kina cha sentimita moja. Ni nusu sentimita na kidogo. Kosa hili hupunguza matokeo karibu nusu, na hujificha vizuri kwa sababu grafu bado inaonekana safi.)

Mng'ao hauna namba ya namna hiyo. Fluoromita hutoa namba zake yenyewe, ambazo hubadilika ukibadilisha taa, kisima au mpangilio wa mashine. Lazima utengeneze mstari wa viwango kila siku ya kazi, kwa methilumbeliferoni safi, ndani ya mchanganyiko ule ule wa sampuli. Na ukiweka nyingi mno, zinaanza kufyonzana mwanga, mstari unapinda na kulala. Halafu kuna suala la mashine yenyewe. Maabara nyingi za hapa mjini zina spektrofotomita kuukuu inayofanya kazi, lakini fluoromita ni moja kwa idara nzima, ina daftari la zamu, na stima ikipotea katikati ya zamu yako, zamu imekwenda. Kabla ya kuagiza sabstreti ya mng'ao, nenda ukaone lile daftari.

Ukiwa na dondoo la majani, kila moja hudanganya kwa upande wake

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa dawa za asili alijue kabla ya kuandika pendekezo lake. Kazi nyingi zinazofanywa hapa kuhusu mimea ya kisukari hufuata mkondo mmoja: chukua majani, tengeneza dondoo, ona kama linazuia alfa-glukosidasi, kimeng'enya kinachoachilia glukosi kutoka kwenye chakula. Sabstreti huwa ile ya paranitrofenoli iliyoungwa kwenye glukosi. Ni njia nzuri na ya bei nafuu. Lakini dondoo la majani lina rangi yake, mara nyingi kahawia au njano, nalo hufyonza mwanga pale pale kwenye 405. Rangi hiyo huongezeka juu ya rangi ya paranitrofenoli, mashine inadhani kimeng'enya bado kinachapa kazi, na dawa yenye nguvu inaonekana dhaifu. Njano, basi, huficha dawa ya kweli.

Mng'ao hufanya kinyume. Tanini na rangi za majani hufyonza mwanga wa kuchokoza, au huuzima mng'ao wa buluu kabla haujafika kwenye mashine. Mng'ao unaposhuka, mashine inadhani kimeng'enya kimezuiwa, na maji yoyote ya majani yenye rangi nzito yanaonekana kuwa dawa. Mng'ao, basi, huzua dawa ya uongo.

Ukielewa hili, unajua blanki gani ya kuweka. Kwa njano: mrija wenye dondoo na bafa na kaboneti bila kimeng'enya, kwa kila ukolezi wa dondoo, kisha utoe usomaji wake. Kwa mng'ao: tia kiasi kinachojulikana cha methilumbeliferoni iliyokwisha kuachiliwa ndani ya kila ukolezi wa dondoo, uone mng'ao umepungua kiasi gani bila kimeng'enya kuhusika. Ukipungua kwa nusu pale, basi hata dondoo lisilozuia chochote litaonekana "limezuia" asilimia 50, na huo ni kivuli tu. Kwa dondoo zenye rangi nzito mimi huchagua njano, kwa sababu kosa lake hutolewa kwa hesabu ya kawaida, ilhali kosa la mng'ao huzidishwa na kujikunja.

Na kuna hili la kimeng'enya chenyewe. Alfa-glukosidasi inayouzwa kwa wingi hutoka kwenye hamira. Ya utumbo wa mamalia ni jamii nyingine. Akabosi, dawa ya hospitali ambayo kila mtu huiweka kama kipimo cha kulinganishia, huzuia ile ya utumbo kwa nguvu lakini kwa ile ya hamira ni dhaifu. Ndiyo sababu unasoma kazi ambamo majani ghafi "yameishinda" akabosi. Hayajaishinda, wamepambanishwa uwanjani ambako akabosi haichezi. Ukitaka jibu linalomhusu mgonjwa, tumia kimeng'enya cha utumbo wa panya na chakula chenyewe, yaani maltosi au sukrosi, kisha pima glukosi inayotoka kwa kiti ya glukosi oksidasi kama ile ya hospitalini. Usipime maltosi kwa DNS (asidi ya dinitrosalisiliki, kipimo cha sukari kwa rangi), maana maltosi yenyewe tayari hubadilisha rangi ya DNS kabla kimeng'enya hakijagusa kitu.

Udongo una tabia ya majani. Njia ya Tabatabai na Bremner ya mwaka 1969 bado inasimama: gramu moja ya udongo, paranitrofenili fosfeti, saa moja kwa nyuzi 37, kisha kalsiamu kloraidi na sodiamu haidroksaidi, uchuje, usome. Watu huruka kalsiamu kloraidi wakiona ni kitu cha ziada. Kazi yake ni kuzuia udongo na mboji visitoke na haidroksaidi na kuchafua kichujwa. Udongo mwekundu wa Kabete bila kalsiamu utakupa chai ya rangi. Mng'ao kwenye udongo unawezekana, tena huokoa muda kwenye pleti, lakini kila udongo unadai mstari wake wa viwango.

Chakula chenyewe: pale rangi iliyoungwa haitoshi

Rudi kwa yule mwanafunzi wa makapi ya miwa. Baada ya furaha ya njano aliandika "selulasi yenye nguvu". Nikamzuia. Selulosi huvunjwa na kundi: kimoja hukata katikati ya mnyororo, kingine hung'oa selobiosi kutoka mwisho, cha tatu, beta-glukosidasi, hupasua selobiosi kuwa glukosi mbili. Paranitrofenili glukosaidi huona huyu wa tatu peke yake. Kuvu linaweza kuwa na beta-glukosidasi tele na lishindwe kabisa kula karatasi.

Kwa swali la karatasi, wape karatasi. Kipimo kilichowekwa na IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, mwaka 1987 hutumia ukanda wa karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1, miligramu 50, saa moja kwa nyuzi 50 na pH 4.8, na hesabu husimama pale glukosi iliyotoka inapofika miligramu 2. Sukari hupimwa kwa DNS, njia iliyoandikwa na Miller mwaka 1959: unatia kioevu cha njano, unachemsha, kinageuka chekundu cha kahawia, unasoma kwenye nanomita 540.

Neno "chemsha" hapa Nairobi lina maana yake. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Ukifuata karatasi ya maelekezo iliyoandikwa mahali pa usawa wa bahari, dakika tano zao si dakika tano zako. Si tatizo kubwa mradi viwango vya glukosi vichemshwe kwenye sufuria ile ile, wakati ule ule, na sampuli. Tatizo ni kutumia mstari wa viwango wa juzi, au wa rafiki yako aliyeuchorea Mombasa. Na kama zailanasi, kimeng'enya kinachovunja zailani ya mimea, ndiyo shida yako, ujue DNS huelekea kutoa namba kubwa kuliko njia ya Nelson na Somogyi, njia nyingine ya kupima sukari, kwenye sampuli hiyo hiyo; usizilinganishe jedwali kwa jedwali.

Chakula chenyewe kina udhaifu wake mkubwa: ni kichafu na ni cha polepole. Kama kuvu limekuzwa kwenye sukari, DNS inaiona sukari hiyo kwanza. Kama unatakasa kimeng'enya na una sehemu 60 kutoka kwenye safu ya kutakasia, hutachemsha mirija 60 kila jioni. Hapo njano hufaa kukuonyesha sehemu zipi zina uhai, kisha chakula chenyewe kinakuja mwishoni kuthibitisha kazi yake ni ipi. Mtu anayepima kimea cha wimbi au mtama naye afuate njia hiyo: sabstreti ya kutengenezwa kulinganisha siku za kuotesha, wanga wenyewe na iodini kabla ya kusema kimea kitapikia nini.

Maziwa

Fosfatasi ya maziwa mabichi ya ng'ombe hufa kwa joto linalozidi kidogo lile linaloua vijidudu hatari, kwa hiyo maziwa yakishapasteurishwa sawasawa haipaswi kuwepo. Hapa njano na mng'ao hupima kimeng'enya kimoja, kwa swali moja. Njia ya Aschaffenburg na Mullen ya mwaka 1949 hutumia paranitrofenili fosfeti, saa mbili kwa nyuzi 37, na maziwa hupita yasipozidi mikrogramu 10 za paranitrofenoli kwa mililita. Unalinganisha rangi kwa macho, na blanki ni maziwa yale yale yaliyochemshwa. Njia ya mng'ao huchukua dakika chache, na Ulaya kikomo chake ni miliuniti 350 kwa lita. Kiwanda kinachotaka kugundua mvujo mdogo wa maziwa mabichi kwenye mtambo kinahitaji mng'ao. Mtu wa ATM za maziwa mtaani anayetaka kujua kama mzigo wa asubuhi ulipikwa au la, njano na beseni la maji ya moto vinamtosha.

Ila usiwapimie hivyo wauzaji wa maziwa ya ngamia wa Eastleigh. Fosfatasi ya ngamia imeonekana kustahimili joto la upasteurishaji, kwa hiyo maziwa yaliyopikwa vizuri yanaweza kuonekana mabichi na mfanyabiashara akaonewa bure. Ya mbuzi nayo yana fosfatasi kidogo kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo kosa lake huenda upande wa pili: mvujo mdogo unaweza kupita bila kuonekana.

Protini

Kwa proteasi jina la rangi hubadilika: paranitroanilini kwa njano, aminomethilikumarini kwa mng'ao. Njano hii ina faida moja nzuri. Rangi yake haijali pH ya kawaida ya kazi, kwa hiyo unaweza kuitazama ikipanda moja kwa moja. Mgawo wake ni mdogo, 9,500 hivi kwenye 405, karibu nusu ya paranitrofenoli. Usinakili hesabu ya juu bila kubadilisha namba.

Lililo zito zaidi ni mfuatano wa asidi amino mbele ya rangi. BAPNA, sabstreti ya paranitroanilini inayouzwa sana, ina ajinini moja, nayo humfaa tripsini, hata papaini ya utomvu wa papai. Bromelaini ya shina la nanasi huidharau. Yenyewe hupenda ajinini mbili zilizofuatana. Nilimwona mtu ameleta maganda ya mananasi kutoka Marikiti gunia zima, akapima kwa BAPNA, akahitimisha kuwa hayana kitu. Kama hujui proteasi yako ni ipi, usianze na sabstreti ya kutengenezwa kabisa. Anza na azokaseini: kaseini yenye rangi ya chungwa, unasimamisha kwa asidi ya trikloroasetiki, unazungusha kwenye sentrifuji, unasoma kilichobaki juu kwenye 440. Haichagui, na wakati huo kutochagua ndiko unakokutaka.

Kabla hujaagiza

Andika jina kamili. "pNPP" kwa mtu wa fosfatasi ni paranitrofenili fosfeti. Kwa mtu wa lipasi ni paranitrofenili palmiteti. Chupa isiyo sahihi imewahi kufika mezani kwangu kwa herufi hizo nne, na palmiteti haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo mwenye fosfatasi aliitikisa asubuhi nzima.

Sabstreti za mng'ao huyeyushwa mara nyingi kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, na DMSO huganda kwa nyuzi 18 na nusu. Julai ya Nairobi, asubuhi, chupa iliyo mezani inaweza kuwa barafu. Ukichota juu juu unachota kisicho sawa. Ipashe mkononi, itikise, ndipo uchote. Julai hiyo hiyo, "joto la chumba" kwenye karatasi ya maelekezo ni 25 na chumba chako ni 17. Kimeng'enya kingi hupunguza kasi karibu nusu kwa kila nyuzi kumi. Tumia beseni la maji.

Myeyusho wa paranitrofenili ukiwa na njano kabla ya kutia kimeng'enya, umeanza kuvunjika. Gawa akiba yako kwenye vijichupa vidogo siku ya kwanza, igandishe nyuzi 20 chini ya sifuri, toa kimoja kimoja. Za mng'ao zifunike kwa foili.

Ningechagua hivi

Ukiwa na pesa ya chupa moja na spektrofotomita, nunua paranitrofenili ya kimeng'enya chako na kilo ya sodiamu kaboneti. Hutajuta. Ukiwa na sampuli ndogo sana, mbu mmoja au tone la damu, na una zamu ya uhakika kwenye fluoromita, lipia methilumbeliferoni, na ununue pia methilumbeliferoni safi kwa ajili ya viwango. Wengi huisahau wakabaki na namba zisizo na maana. Ukiwa na dondoo lenye rangi nzito, rudi kwenye njano na blanki zake. Ukiwa unataka kusema kimeng'enya chako kinakula kitu fulani, kipe kitu hicho.

Yule mwanafunzi alifanya yote mawili mwishowe. Njano ilimwambia beta-glukosidasi ipo nyingi. Karatasi ya Whatman ilikaa saa moja kwa nyuzi 50, na ikatoka nzima, kingo zake zikiwa bado zimenyooka. Akabadilisha kichwa cha tasnifu yake, akaendelea.